Bamba la mtumba: kutoa gundi na mgongo wa zamani bila kulipasua jiwe

Hoteli ikikarabatiwa Mbeya mjini, au jengo la zamani likivunjwa Iringa au Makambako, kaunta na ngazi zake za mawe haziendi tena kifusini. Kuna watu wanazisubiri. Bamba la granaiti lililokwisha kung'arishwa ni mali, hata likiuzwa kwa bei ya mtumba. Ila mgongoni linakuja na madeni yake: saruji, gundi ya vigae, plaiwudi iliyogandishwa kwa silikoni, lami, au ule wavu wa nyuzi za kioo uliozamishwa kwenye gundi ngumu kiwandani. Mafundi wengi wakiliona tu wanashika grinda. Kabla ya grinda kuna maswali mawili: hili ni jiwe gani, na hicho kilicho mgongoni kinalishikilia jiwe au kimeng'ang'ania tu? Ukilijibu la pili vizuri unaweza kujipunguzia nusu ya kazi, maana ipo migongo isiyotakiwa kutolewa kabisa.

Kulibeba na kulilaza

Jiwe la unene wa sentimita 2 lina uzito wa kilo 54 hivi kwa kila mita ya mraba. La sentimita 3 linafika kilo 81. Bamba zima la mita 3 kwa mita 1.6, la sentimita 2, ni kama kilo 260, kwa hiyo usimwite kijana mmoja wa kukusaidia ukadhani mmemaliza. Libebeni likiwa limesimama kwa ukingo, hata kama ni kipande mnachokimudu kikiwa bapa. Jiwe linavumilia kugandamizwa, halivumilii kupindwa. Kwenye gari nako lisimame hivyo hivyo, limeegemezwa kwenye fremu ya mbao na kufungwa lisicheze.

Kaunta ya jikoni yenye tundu la sinki ndiyo inayovunjika njiani kuliko zote. Mbele na nyuma ya tundu hubaki ukanda mwembamba wa jiwe, na hapo ndipo linapokatikia. Kabla ya kuinyanyua, funga mbao mbili za mbili kwa nne, moja mbele na moja nyuma ya tundu, uzikaze kwa klampu zenye kitambaa mdomoni. Zisifunguliwe mpaka jiwe limelala mezani.

Meza yenyewe iwe imenyooka kwa pimamaji. Tandika godoro jembamba la sponji au mablanketi mawili. Osha uso wa jiwe, osha na meza, ndipo ulilaze kifudifudi. Chembe moja ya mchanga ikibaki chini ya uso uliong'arishwa itachora mstari kila unapogonga.

Jiwe gani hili?

Kwangua kidogo kwa ncha ya kisu mgongoni au ukingoni, mahali pasipoonekana. Kisu kikichimba kirahisi, una marumaru ya jiwe, travatini au jiwe la chokaa. Kikiteleza na kuacha alama ya chuma tu, una granaiti au ndugu zake. Hakikisha kwa tone la siki juu ya ule unga uliokwangua: likitoa mapovu, jiwe ni la chokaa, na kuanzia hapo asidi ya aina yoyote ni marufuku kwake. Dolomiti, ndugu wa jiwe la chokaa, hutoa mapovu machache na taratibu, ndiyo maana tunadondoshea kwenye unga na si kwenye jiwe zima.

Huku kwetu utakutana sana na travatini ya Songwe, jiwe lililojengwa tabaka kwa tabaka na chemchemi za maji moto. Utalitambua kwa mistari yake na vitundu vyake. Vitundu hivyo huwa vimezibwa kwa saruji au kwa gundi, na kiyeyushi kinachotoa gundi ya mgongoni kinaweza kutoa na kizibio cha usoni. Ni jiwe zuri lakini lina udhaifu wake, na nitalirudia.

Kuna pia mabamba yasiyo jiwe halisi: kwatzi ya kiwandani, yaani chembe za kwatzi, madini magumu yaliyomo pia kwenye granaiti, zilizounganishwa kwa gundi ya plastiki. Rangi yake ni sawasawa mno, haina mishipa inayopotea ndani ya jiwe. Gusa mgongo wake kwa sindano iliyopashwa moto. Ukisikia harufu ya plastiki, moto na viyeyushi vikali vikae mbali, kwa sababu vinashambulia kile kile kinachoshika bamba lenyewe.

Mwisho tafuta nyufa. Pitisha kitambaa chenye maji mgongoni na usoni, kisha usifanye kitu, tazama tu likikauka. Uso utarudi rangi yake, lakini penye ufa patabaki na uzi mweusi kwa muda, kwa sababu maji yaliingia ndani. Chora pembeni mwa kila uzi kwa chaki. Halafu gongagonga kwa sarafu bamba zima. Mlio mkali maana yake jiwe zima; mlio mzito na mtupu maana yake gundi imeachia au jiwe limepasuka kwa ndani. Mahali palipoachia ndipo pa kuanzia kazi.

Mgongoni kuna nini?

Saruji na mchanga utaijua: ni ya kijivu, nene, ukiikwaruza kwa msumari inatoa chembe. Gundi ya vigae ni laini zaidi na huwa na mistari ya mwiko wa meno. Silikoni inavutika na kukatika kwa wembe. Lami ni nyeusi. Kitambaa chenye mafuta ya taa kikiigusa kinageuka kahawia. Gundi ya njano, ile ya maseremala na mafundi viatu, inanata na kujiviringa ukiisugua kwa kidole gumba. Epoksi na poliesta zote ni ngumu na zinang'aa kidogo. Kuzitofautisha, piga msasa kidogo: poliesta inatoa harufu ile ya puti ya magari, epoksi haitoi.

Hapa kuna onyo moja. Ukikuta mgongoni kuna karatasi ngumu za kijivu zenye nyuzinyuzi, au gundi nyeusi chini ya sakafu za majengo ya zamani, dhania kwamba kuna asibesto. Usikate, usipige msasa, usikwangue ikiwa kavu. Bamba la mtumba halina bei ya kulipa kansa. Liache hapo hapo, tafuta jingine.

Wavu: mara nyingi uache

Wavu wa nyuzi za kioo haukuwekwa kwa ajili ya usafiri tu. Kiwanda huubandika kwenye mawe dhaifu: travatini, oniksi, marumaru yenye mishipa mingi, na hata granaiti zenye chembe kubwa. Ukiutoa kwenye jiwe la aina hiyo, jiwe linaweza kuachana hapo mezani vipande vitatu, kila kimoja kikifuata mshipa wake. Nimeona watu wakiusugua kwa bidii ya ajabu, halafu wakaenda kununua epoksi ya kuunganisha walichokitenganisha.

Sababu wanayoitoa ni kwamba saruji haishiki juu ya wavu. Ni kweli haishiki, lakini dawa yake si kuutoa. Jaribu kwanza kuuinua pembeni kwa kisu. Ukiinuka wenyewe kama ganda la ndizi, gundi yake imekufa na hauna kazi tena. Uvute wote, taratibu, ukiuvuta kwa kuulaza mgongoni mwa jiwe na si kuelekea juu. Ukigoma, uache, utausawazisha kwa msasa na kuupa koti jipya nitakaloeleza mwishoni. Unaotolewa ni ule ulioachia, na ule ulio kwenye granaiti nzima unayotaka kuipunguza unene au kuibandika upya kwa saruji.

Kutoa saruji

Hii ndiyo kazi kubwa na ndiyo inayovunja mawe mengi, kwa sababu watu wanaipiga kama wanavunja ukuta.

Loweka kwanza. Tandaza magunia yaliyolowa mgongoni, funika kwa nailoni, liache usiku kucha. Maji hayayeyushi saruji iliyoshika, lakini gundi ya vigae yenye plastiki ndani yake inapungua nguvu ikilowa, na udongo wa zamani wa chokaa unalainika kiasi. Kama kilichokuwepo ni jasi au udongo mtupu, asubuhi utakuta kazi imekwisha.

Kilichobaki ukate vipande. Weka diski ya almasi kwenye grinda, upime unene wa saruji penye ukingo, kisha chora gridi ya miraba ya upana wa vidole vinne hivi, ukiacha milimita 2 au 3 kabla ya kufika kwenye jiwe. Usiguse jiwe. Gridi hii inaikata saruji ili kila mraba uachie peke yake, badala ya ganda zima kulivuta bamba.

Sasa tindo bapa na nyundo nyepesi, ya gramu 500 inatosha. Laza tindo karibu iwe sambamba na jiwe, iingie kati ya saruji na jiwe, na ugonge kutoka ukingoni kuelekea katikati. Ukigonga kuelekea ukingoni, pigo la mwisho linaondoka na kona. Mapigo madogo mengi. Sikiliza mlio: mraba unaokaribia kuachia unabadilika sauti kabla hujauona ukitikisika, na ukisikia hivyo acha kugonga, uinue kwa mkono. Usiwahi kutumia mtaimbo kama wenzo dhidi ya bamba. Penye alama ya chaki usigonge kabisa. Hapo saga kwa kikombe cha almasi, ile diski ya grinda yenye umbo la kikombe, mpaka ibaki ngozi nyembamba, kisha malizia kwa jiwe la kusugulia na maji.

Na usihangaike kuondoa kila punje. Vumbi jembamba la saruji lililong'ang'ania kwenye vinyweleo vya jiwe halina madhara, saruji mpya itashika juu yake. Brashi ya waya ya chuma iepuke kwenye mawe meupe: inaacha chembe za chuma ndani ya vinyweleo, na mvua za Novemba zikianza zinageuka madoa ya kutu yanayopenya hadi usoni. Tumia ya nailoni au ya shaba nyeupe.

Plaiwudi na silikoni

Usiinue plaiwudi nzima. Weka msumeno wa mviringo kina kidogo kuliko unene wa ubao, uchane plaiwudi mikanda ya sentimita 5 mpaka 7, kisha ingiza kabari za mbao na uinue mkanda mmoja mmoja. Kabari za paina, zile takataka za mbao za Mafinga, ni bora kuliko za chuma kwa kuwa zenyewe ndizo zinazokubali kubonyea, si jiwe. Plaiwudi ikipasuka katikati ya tabaka zake na kuacha ngozi moja juu ya jiwe, ilowanishe kwa maji ya moto na uikwangue kwa skrepa.

Penye silikoni, waya mmoja uliochomolewa kutoka kebo ya breki ya baiskeli unafanya maajabu. Ufunge vijiti viwili miishoni, upitishe kati ya ubao na jiwe, na mvute kwa zamu watu wawili kama wenye msumeno wa magogo. Mabaki yakwangue kwa wembe. Silikoni huacha mafuta ndani ya jiwe lenye vinyweleo, na mafuta hayo ndiyo yatakayokataa gundi mpya, hivyo saga au sugua hapo mpaka tone la maji linyweke badala ya kusimama.

Epoksi na poliesta

Njia rahisi ni joto la wastani. Epoksi nyingi za kawaida huanza kulainika ukifika nyuzi 60 mpaka 80 za sentigredi, na jiwe linalivumilia hilo kama halikupashwa ghafla. Usitumie tochi ya gesi. Moto wa tochi unapasha sehemu moja tu, na marumaru hasa haipendi: chembe zake hutanuka upande mmoja kuliko mwingine, zinaachana, na jiwe linakuwa na unga wa sukari pale palipoungua.

Tumia pasi ya umeme ikiwa kwenye alama ya nailoni, juu ya kitambaa chembamba cha pamba. Iache hapo kidogo, sogeza, na mkono mwingine ufuate kwa skrepa pana, ukikwangua gundi ikiwa bado na joto. Gundi iliyolainika hujikunja mbele ya skrepa. Ikianza kukatika vipandevipande, imeshapoa, rudisha pasi. Pasi ya mkaa siishauri, huwezi kuijua joto lake na cheche zake zinaangukia godoro.

Vipande vidogo vya granaiti, kama vizingiti na ngazi fupi, vinakwenda kwa maji. Chukua nusu pipa, panga vipande chini vikitenganishwa kwa vijiti, jaza maji ya baridi, ndipo uwashe moto mdogo. Jiwe na maji vipate joto pamoja. Kwa urefu tulio nao hapa Mbeya, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, na wala huhitaji kufika huko: yakianza kutoa viputo vidogo pembeni, toa kipande kimoja kwa koleo la mbao na glavu nene, ukwangue, kirudishe. Ukimaliza zima moto na viache vipoe ndani ya maji yale yale. Usivimwagie maji ya bomba.

Poliesta huenda isilainike kwa joto hili. Iliyobaki isage kwa kikombe cha almasi.

Dukani utaonyeshwa pia viondoa rangi vikali. Soma chupa. Kama kuna dikloromethani, rudisha. Inalainisha gundi kweli, lakini mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatulia chini chumbani, na ukiingia mwilini unageuzwa kuwa monoksidi ya kaboni, gesi ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani msimu wa baridi. Marekani ilizuia kuuzwa kwa watu wa kawaida viondoa rangi vyenye kemikali hiyo mwaka 2019.

Lami, na gundi ya njano

Hapa hali ya hewa ya nyanda za juu inakufanyia kazi. Lami ikipata joto inanata na kupakaa kila mahali. Ikiwa baridi inavunjika. Kati ya Juni na Agosti liache bamba nje usiku, na saa kumi na mbili asubuhi, Uyole au Njombe au Makete, lami itaruka kwa tindo kama vigae vidogo. Jua likishapanda, acha, subiri kesho. Epoksi ni kinyume chake, mchana ndiyo saa yake.

Doa jeusi linalobaki usilisugue kwa mafuta ya taa kwenye marumaru, utalisukuma ndani na kuongeza doa la mafuta. Changanya kaolini, udongo mweupe kama ule wa Malangali, na asetoni uwe uji mzito, upake unene wa sentimita 1, funika kwa nailoni siku nzima, kisha ufunue ukauke wenyewe. Udongo unapokauka ndipo unapolivuta doa. Rudia. Gundi ya njano nayo inaachia kwa asetoni ile ile kwenye kitambaa, nje penye hewa, pasipo na moto wala sigara.

Asidi na vumbi

Ile asidi ya kuoshea sakafu za vigae vipya hula saruji, ndiyo maana watu wanaipenda. Inakula marumaru na travatini kwa kasi ile ile. Kwenye granaiti yenye madini ya chuma inaweza kuleta manjano ya kutu wiki kadhaa baadaye, fundi akiwa ameshalipwa na kuondoka. Sioni sababu ya kuitumia mgongoni mwa bamba lolote.

Vumbi ni jambo zito zaidi. Granaiti ina kwatzi isiyopungua asilimia 20, na bamba la kiwandani la kwatzi linaweza kupita asilimia 90. Vumbi lake likivutwa kwa muda linaleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba, na mwenye silikosisi anapata kifua kikuu kirahisi zaidi. Kitenge puani hakizuii chochote. Vaa barakoa ya N95 au FFP2 inayobana usoni, miwani, kinga ya masikio. Simama upepo ukiwa mgongoni kwako. Watoto wakae mbali. Kusaga kwa maji ni bora kabisa, ila iwe mashine iliyotengenezwa kwa maji, kwenye umeme wenye swichi inayokata ukivuja. Kummwagishia maji kijana mwenzako kwenye grinda ya kawaida ya volti 230 ni kumtafutia kifo.

Kuosha, kukausha na koti la mwisho

Osha kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, suuza, lisimamishe kivulini upepo upite pande zote mbili. Kiangazi siku kadhaa zinatosha. Tukuyu wakati wa masika usiamini macho: bandika kipande cha nailoni cha ukubwa wa kiganja mgongoni kwa mkanda pande zote nne, ukikuta umande chini yake kesho yake, jiwe bado lina maji na epoksi haitashika.

Nyufa ulizochora kwa chaki zizibe sasa, kwa epoksi nyepesi inayonyweka, kabla bamba halijanyanyuliwa tena.

Kwa bamba lenye wavu uliouacha, piga msasa namba 60 mpaka mng'ao wote upotee, futa kwa asetoni, paka epoksi nyembamba kwa skrepa, na kabla haijashika nyunyizia mchanga mkavu wa mto uliochekechwa mpaka usione gundi. Kesho yake fagia ulioachia. Mgongo utakuwa mkwaruzo kama msasa mkubwa, na gundi ya vigae au saruji itapata pa kushika, wavu ukiwa pale pale ulipowekwa.